Daftari la Masolisita wa Ayalandi

Kazi ya sheria nchini Ayalandi imegawanyika mikono miwili tangu zamani. Mkono mmoja ni wa mawakili wa mahakamani, wanaovaa joho na kusimama mbele ya jaji kujenga hoja. Mkono wa pili ni wa masolisita. Hao ndio wanaompokea mteja ofisini, wakamsikiliza, wakaandika wosia wake, wakaandaa hati za kuuza na kununua ardhi na kumshikia fedha mpaka mauzo yakamilike. Kesi ikifika mahakamani, humtafutia mteja wakili wa kuisimamia. Msomaji wa Kenya au Tanzania amezoea neno moja tu, wakili, kwa sababu katika nchi hizi mtu mmoja hufanya kazi zote mbili. Ayalandi ilirithi mgawanyo wa Kiingereza, na pamoja nao ilirithi ngazi ya heshima: wakili wa mahakamani juu, solisita chini yake.

Jina la solisita huandikwa katika daftari rasmi, na kazi yake huanzia na kuishia humo. Aliyemo anaruhusiwa kutoa huduma ya sheria kwa malipo. Aliyefutwa haruhusiwi kutoza ada hata kwa hati moja ya shamba. Anayelishika daftari ndiye anayeamua nani aingie, asome nini, alipe nini na atolewe kwa kosa gani. Historia ya vyama vya masolisita wa Ayalandi, ikitazamwa kwa karibu, ni ya kugombea daftari hilo. Kwa karne nyingi halikuwa mikononi mwao. Walipewa sehemu baada ya sehemu, na sehemu iliyo nzito kuliko zote, ile ya kumfuta mtu, haikukaa kwao muda mrefu.

Nyumba ya kwanza ya wanasheria wa Ayalandi ni King's Inns, iliyoanzishwa Dublin mwaka 1541, mwaka uleule Henry wa Nane wa Uingereza alipotangazwa mfalme wa Ayalandi. Majaji na mawakili walipewa makao ya watawa wa Kidominiko yaliyokuwa ukingoni mwa mto Liffey, baada ya watawa hao kuondolewa. Nyumba hiyo iliongozwa na wazee wake, yaani majaji na mawakili wakubwa. Wanasheria wa ngazi ya chini walihesabiwa kuwa wanachama, wakatozwa ada, lakini hawakuwa na kauli katika uongozi. Wakati huo hata jina lao halikuwa moja. Aliyefanya kazi katika mahakama ya Chancery aliitwa solisita. Aliyefanya kazi katika mahakama nyingine kuu tatu, yaani King's Bench, Common Pleas na Exchequer, aliitwa atoni. Mahakama hizo nne ndizo zilizolipa jengo maarufu la Dublin jina lake, Four Courts. Lilisanifiwa na James Gandon na kufunguliwa mwaka 1796, palepale palipokuwa na makao ya zamani ya King's Inns.

Katika kipindi hicho chote, kigezo cha kwanza cha kumkubali mtu hakikuwa elimu wala uaminifu kwa mteja. Kilikuwa dini. Bunge la Ayalandi, lililoshikwa na Waprotestanti, lilipitisha sheria mwaka 1698 ya kuwazuia Wakatoliki kuwa masolisita, isipokuwa wachache waliolindwa na mapatano yaliyomaliza vita mwaka 1691. Wakatoliki walikuwa wengi wa watu wa nchi. Sababu ya sheria hiyo ilikuwa ardhi. Sheria za wakati huo ziliwazuia Wakatoliki kununua mashamba na kuyarithisha kwa uhuru, na watawala waliona kwamba solisita Mkatoliki angejua kuandika hati za kuwakwepesha ndugu zake katika vizuizi hivyo. Kwa nia hiyohiyo ilianzishwa ofisi ya kusajili hati za ardhi Dublin mwaka 1708. Wapo waliobadili dini ili waendelee na kazi, na serikali iliendelea kuwatilia shaka wao, wake zao na malezi ya watoto wao. Mlango ulifunguliwa kwa Wakatoliki mwaka 1792. Mwanzo wa usimamizi wa kazi hii, basi, ulikuwa ni ulinzi wa utawala. Mteja hakuwemo katika hesabu.

Sifa ya masolisita na maatoni katika jamii ya karne ya 18 ilikuwa mbaya. Walisemwa kuwa wachochezi wa kesi, wanaonenepa kwa magomvi ya wengine. Riwaya ya Maria Edgeworth, Castle Rackrent, iliyotoka mwaka 1800, inaonyesha hofu hiyo waziwazi: Jason Quirk, mtoto wa mtumishi wa nyumba, anakuwa atoni, anakusanya madeni ya bwana mwenye shamba, na mwisho shamba lote linakuwa lake. Haikuwa dhuluma tupu kuwasema hivyo. Makarani waliojiita maatoni bila kufuzu walikuwepo, na mwananchi hakuwa na njia rahisi ya kumtambua aliyefuzu na asiyefuzu.

Wale walioipenda kazi yao waliona kwamba aibu ya mmoja inawapaka wote matope. Chama cha kwanza cha maatoni mjini Dublin kilianza katika miaka ya 1770, na mwaka 1791 kikafuata kingine kilichoitwa Law Club of Ireland. Vilikuwa vyama vya hiari, vya watu kukutana, kula pamoja na kujadili mambo ya kazi. Havikuwa na meno. Havikuweza kumzuia mtu kuingia katika kazi wala kumtoa. Lakini tabia ya kukutana ilizaa tabia ya kudai.

Dai kubwa la kwanza lilihusu fedha. Tarehe 24 Juni 1830 iliundwa Law Society of Ireland, ikapata ofisi Inns Quay, kando ya mto. Miezi mitano baadaye, Novemba, kamati yake iliwapelekea wazee wa King's Inns barua yenye hoja nyepesi kueleweka. Kwa miaka mingi masolisita walikuwa wametozwa fedha na nyumba hiyo, na hawakuwa na hata chumba kimoja cha kufanyia kazi. Fedha zao zitumike kuwajengea vyumba. Wazee hawakuona haraka. Kamati ilirudia ombi Mei 1838, na mwaka 1841 ndipo masolisita walipopewa vyumba katika jengo lao ndani ya eneo la Four Courts.

Miaka kumi na moja kwa ajili ya vyumba inaweza kuonekana ni hadithi ndogo, lakini hapo ndipo uhusiano wa pande mbili unapoonekana ulivyokuwa. Solisita alilazimishwa kuwa mwanachama wa nyumba isiyomhesabu, na alilipia heshima ya watu waliomdharau. Kupata jengo lao kuliwapa masolisita mahali pa kuweka maktaba, kufanya mikutano na kutunza kumbukumbu, na chama kisicho na mahali pa kukaa huishi kwa hisani ya wenye nyumba. Mwaka huohuo wa 1841 walikipanga chama upya, wakakiita Society of the Attorneys and Solicitors of Ireland.

Tarehe 5 Aprili 1852 Malkia Victoria alikipa chama hati ya kifalme. Kuanzia siku hiyo kilikuwa mtu mbele ya sheria: kiliweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake, na kuendelea kuwepo hata waanzilishi wake wakifa wote. Kilikuwa na baraza la kuchaguliwa na muhuri wake. Hata hivyo, hati hiyo haikumlazimisha solisita yeyote kujiunga, na haikukipa chama daftari. Wengi walibaki nje, hasa wa mikoani, wakiona ni chama cha watu wa Dublin. Wa Cork na kusini walikuwa na chama chao, Southern Law Association, na Belfast nayo ilikuwa na chake.

Sheria ya mwaka 1866 ndiyo iliyokata kamba. Kuanzia hapo atoni au solisita hakulazimika tena kuwa mwanachama wa King's Inns, na chama kilianza kushika elimu ya vijana wanaoingia katika kazi, chini ya macho ya majaji. Mpaka wakati huo kijana alijifunza kwa uanagenzi tu. Alifunga mkataba na solisita mzoefu, mkataba huo ukalipiwa ushuru wa stempu, kisha akakaa ofisini kwake miaka mitano akinakili hati, akipeleka barua na kuangalia bwana wake anavyofanya. Aliyepata bwana mwema alijifunza mengi. Aliyepata bwana mvivu alimaliza miaka yake akijua kunakili tu. Mitihani ya chama haikuuondoa uanagenzi, lakini iliweka kipimo kimoja kwa wote. Gharama nazo zilibaki kuwa kizuizi. Ada, ushuru na miaka mitano bila mshahara wa maana viliifanya kazi hii kuwa ya watoto wa wenye uwezo, na hilo chama hakikulishughulikia kwa bidii kama kilivyoshughulikia vyumba vyake.

Kazi yenyewe ilikuwa inaongezeka. Njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 iliacha mamia ya wenye mashamba makubwa wakizama katika madeni, na mwaka 1849 serikali ikaunda mahakama maalumu ya kuuza mashamba yaliyolemewa na madeni. Kila shamba lililouzwa lilihitaji mtu wa kuchunguza historia ya umiliki wake, kuandika hati na kugawa fedha kwa wadai. Baadaye sheria za kuwawezesha wapangaji kununua ardhi waliyolima, ikiwemo ile kubwa ya mwaka 1903, zilipeleka kazi hiyo hadi miji midogo. Solisita wa mji mdogo akawa mshauri wa familia nzima: ndiye aliyejua nani amekopa, nani amerithi, nani amehamia Marekani na kuacha sehemu yake ya shamba bila kugawanywa. Pamoja na imani hiyo, aliwekewa fedha nyingi za watu. Chama kiliwakumbuka pia walioanguka. Mwaka 1863 ulianzishwa mfuko wa hisani wa kuwasaidia masolisita waliofilisika au kuugua, wajane wao na watoto wao.

Majina mawili, atoni na solisita, yakawa moja mwaka 1877, mahakama kuu zilipounganishwa na wote wakaanza kuitwa masolisita. Desemba 1888 chama kilipata hati ya nyongeza iliyokipa jina la Incorporated Law Society of Ireland.

Lililobaki lilikuwa nidhamu. Solisita alihesabiwa kuwa afisa wa mahakama, kwa hiyo mahakama ndiyo iliyokuwa na uwezo wa kumwadhibu. Hiyo ilikuwa na maana kwamba mteja aliyeibiwa alipaswa kufungua maombi mahakamani, kuapa kiapo na kutafuta mwanasheria mwingine wa kumshtaki mwanasheria wa kwanza, kwa gharama yake. Mkulima aliyepoteza fedha za shamba hakuwa na uwezo huo. Makosa mengi yalinyamaziwa si kwa kuwa hakuna aliyeyajua, bali kwa kuwa kuyasema kuligharimu.

Sheria ya masolisita ya mwaka 1898 ilibadilisha njia hiyo. Elimu, mitihani, usajili na uchunguzi wa malalamiko vilihamishiwa kwenye chama. Kamati ya wanachama wake ilisikiliza lalamiko na kuchunguza, kisha ikapeleka taarifa mahakamani, na mahakama ikaamua kama solisita afutwe au abaki. Mgawanyo huo ulikuwa na busara. Wenye kazi wanazijua hila za kazi yao kuliko jaji yeyote, kwa hiyo wachunguze wao. Lakini mtu anayepoteza riziki yake ana haki ya kuhukumiwa na asiyeshindana naye kibiashara, kwa hiyo aamue jaji.

Jarida la chama, Gazette, lilianza kutoka mwaka 1907. Halafu zikaja risasi. Wakati wa uasi wa Pasaka wa mwaka 1916 Four Courts ilishikwa na waasi. Mwezi Aprili 1922 ilishikwa tena, safari hii na wapinzani wa mkataba wa amani na Uingereza, na tarehe 28 Juni serikali mpya ya Ayalandi ikaanza kuipiga mizinga. Siku mbili baadaye mlipuko uliteketeza hifadhi ya nyaraka za taifa iliyokuwa hapo, na karne nyingi za wosia, hati na kumbukumbu za mahakama ziligeuka majivu. Hasara hiyo inawauma wanahistoria wa Ayalandi hadi leo. Kwa masolisita ilikuwa pia hasara ya kazi ya kila siku, maana umiliki wa ardhi huthibitishwa kwa karatasi. Nchi nayo ilikuwa imegawanyika, na chama kikagawanyika nayo: tarehe 10 Julai 1922 masolisita wa Ayalandi ya Kaskazini walipata hati ya kifalme ya chama chao wenyewe.

Wanawake waliingia mwaka 1923, baada ya sheria ya mwaka 1919 kuondoa kizuizi cha jinsia. Mary Dorothea Heron alikuwa wa kwanza kuandikwa, Helena Early akamfuata miezi michache baadaye. Ilipita zaidi ya nusu karne kabla ya mwanamke kukiongoza chama. Huyo alikuwa Moya Quinlan, mwaka 1980.

Dola mpya ya Ayalandi huru haikuvunja chama kilichozaliwa kwa hati ya malkia. Ilikitumia, ikaongeza masharti yake. Sheria ya mwaka 1929 ilidai kila anayeingia katika kazi ya sheria awe na ujuzi wa kutosha wa lugha ya Kiayalandi, na sharti hilo lilidumu hadi lilipolegezwa mwaka 2008. Nia yake ilikuwa njema: raia anayezungumza lugha ya nchi yake asilazimike kutafuta mkalimani wa kuzungumza na mwanasheria wake.

Mwaka 1954 Bunge la Dublin lilitunga sheria mpya ya masolisita, na kwa mara ya kwanza likakipa chama yote yaliyokuwa yamebaki. Kamati ya nidhamu ya chama sasa iliweza kumfuta solisita yenyewe, bila kupeleka taarifa kwa jaji aamue. Aliyefutwa aliweza kukata rufaa, lakini uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kamati. Baada ya zaidi ya miaka mia moja ya kudai, daftari lote lilikuwa mikononi mwa wenye kazi.

Halikukaa. Masolisita wawili waliofutwa walikwenda mahakamani wakidai kwamba sheria hiyo inavunja Katiba ya mwaka 1937, inayosema kwamba haki hutolewa mahakamani na majaji. Katiba hiyo iliruhusu watu wasio majaji kutumia uwezo wa kihukumu wenye mipaka tu, tena katika mambo yasiyo ya jinai. Mahakama ya Juu, katika hukumu iliyosomwa na Jaji Kingsmill Moore, ilirudi nyuma kuitazama historia. Tangu zamani, ilisema, kumfuta solisita kumekuwa kazi ya majaji. Adhabu yenyewe ni nzito: inaondoa riziki, jina na nafasi ya mtu katika jamii, na huweza kumuumiza kuliko kifungo au faini. Uwezo wa namna hiyo hauna mipaka midogo, hata kama umeandikwa katika sheria ya chama cha kazi. Mahakama iliona pia kwamba solisita ni sehemu ya utendaji wa haki, na kuamua nani abaki miongoni mwa watumishi wa mahakama ni jambo la mahakama yenyewe. Kifungu hicho kikaanguka.

Hukumu hiyo haikusema kwamba kamati iliwaonea wale wawili. Ilizungumzia mahali ambapo uwezo unapaswa kukaa, na kwa sababu hiyo imeendelea kutajwa katika kesi za taaluma nyingine nchini humo, zikiwemo za madaktari. Bunge lilirekebisha mambo mwaka 1960. Wajumbe wa kamati ya nidhamu wakateuliwa na Rais wa Mahakama Kuu kutoka miongoni mwa masolisita. Kamati ilichunguza na kutoa taarifa, na Mahakama Kuu ikaamua. Kwa maneno mengine, nchi ilirudi kwenye mpango wa mwaka 1898.

Sehemu moja ya sheria ya mwaka 1954 ilisimama imara, nayo pengine ndiyo iliyomsaidia mwananchi zaidi ya zote: mfuko wa fidia. Solisita akitoroka na fedha za mteja, mteja hulipwa kutoka katika mfuko unaochangiwa na masolisita wote. Mwaminifu wa kijijini humlipia mwizi wa mjini asiyemfahamu. Mpango huo ulinung'unikiwa, na ni rahisi kuona kwa nini, lakini ulikipa chama sababu ya kifedha ya kukagua vitabu vya wanachama wake kabla mambo hayajaharibika. Kanuni za kutenganisha fedha za mteja na za ofisi zilikazwa, na wakaguzi wakapewa ruhusa ya kuingia ofisini. Kabla ya hapo uaminifu ulihimizwa katika hotuba za mikutano mikuu. Sasa ulikaguliwa katika vitabu vya hesabu.

Mwaka 1978 chama kilihamia Blackhall Place, katika jengo la shule ya kale ya King's Hospital lililosanifiwa na Thomas Ivory na kuanza kujengwa mwaka 1773. Huko kikapata madarasa yake, na mafunzo ya wanagenzi yakawa ya darasani na ya ofisini kwa pamoja. Sheria ya mwaka 1994 ilifupisha jina la chama kuwa Law Society of Ireland, na ya mwaka 2002 ikaipa kamati ya nidhamu sura na jina la baraza la mashauri. Hata hivyo, kelele za wananchi hazikutulia. Walalamikaji waliona kwamba anayepokea lalamiko lao ni chama kilekile kinachotetea maslahi ya anayelalamikiwa, na hata chama kilipotenda haki, ilikuwa vigumu kuwashawishi kwamba kimetenda haki.

Sheria ya mwaka 2015 iliunda Legal Services Regulatory Authority, chombo kilicho nje ya chama ambacho wajumbe wake wengi si wanasheria. Tangu tarehe 7 Oktoba 2019, anayemlalamikia solisita au wakili wa mahakamani hupeleka lalamiko huko. Chama kimebakiwa na elimu, mitihani, ukaguzi wa vitabu vya fedha na mfuko wa fidia. Daftari la masolisita bado linatunzwa Blackhall Place. Amri ya kumfuta mtu hutoka Mahakama Kuu, ndani ya Four Courts, ukingo uleule wa mto Liffey, mwendo mfupi kwa miguu kutoka mlango mmoja hadi mwingine.